Kinyesi cha mtoto kilikwenda wapi?

Swali la wiki lilikuwa hili: "Vijiji vingi siku hizi vina vyoo. Mbona watoto wadogo bado wanaharisha?"

Kwa maneno machache, vyoo tulivyojenga ni vya watu wazima. Mtoto anayetambaa hajawahi kuingia humo, na mara nyingi hata kinyesi chake hakifiki humo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, na ni mhudumu wa afya wa kujitolea ninayetembelea kaya za vijijini. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifika kwenye nyumba nauliza, "Mna choo?" Nikionyeshwa, natia alama kwenye daftari na kuelekea nyumba ya pili. Nikizikumbuka nyumba zile nilizozitia alama nikaondoka na moyo mweupe, naumia. Aliyenibadilisha ni mkufunzi mmoja aliyetusomea swali linaloulizwa katika tafiti za afya ya familia za nchi nyingi: mara ya mwisho mtoto alipojisaidia, kinyesi chake kilipelekwa wapi?

Nilianza kuliuliza swali hilo, nami nikasikia mambo ambayo daftari langu halikuwa na nafasi yake. "Kuku wamemaliza." "Maji ya nepi nimeyamwaga nyuma ya jiko." "Nimefukia kidogo kwa udongo pale pembeni." "Nimefuta kwa jani nikalitupa jaani." Majibu hayo yalitoka kwenye nyumba zenye vyoo vizuri, vingine vyenye sakafu ya saruji na mfuniko.

Sisi akina mama tunalea tukiamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina neno. Ananyonya tu, hajala kitu, basi uchafu wake ni kama maziwa yaliyoganda. Nami niliamini hivyo. Mwanangu wa pili alipokuwa na miezi 9 nilikuwa nikimtawaza kwenye beseni, na maji nayamwaga pale pale uani, hatua chache kutoka mahali nilipomtandikia mkeka. Choo tulikuwa nacho. Aliharisha siku nne, utosi ukabonyea, akilia machozi hayatoki. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilichokosea sikukielewa hadi miaka mingi baadaye, na katikati hapo nilikuwa nikiwafundisha wenzangu usafi.

Ukweli ni kinyume kabisa cha imani ile. Watoto walio chini ya miaka 2 ndio wanaougua zaidi magonjwa ya kuharisha, kwa hiyo kinyesi chao ndicho chenye vijidudu vingi vya kuambukiza watoto wengine. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia Kusini, uliotoa matokeo yake mwaka 2013, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya kuharisha kukali kwa watoto inatokana na vijidudu vinne tu: kirusi cha rota, bakteria wa Shigella, kimelea cha Cryptosporidium, na aina moja ya bakteria wa E. coli inayotoa sumu. Shigella inatosha kumwangusha mtu hata akimeza vijidudu 10 hadi 100, kiasi kisichoonekana kwa macho, kisichonuka, kinachokaa chini ya ukucha mmoja. Mtoto mwenye rota naye anatoa mabilioni ya virusi katika gramu moja ya kinyesi. Huyo ndiye tunayemwaga maji yake uani.

Sasa naomba msomaji afanye jambo moja. Piga magoti uani kwako, au ukiweza lala kifudifudi, uitazame dunia kwa kimo cha mtoto wa miezi 8. Hapo kuna udongo wenye unyevu pale maji yalipomwagwa, na kinyesi cha kuku kilichokauka kikafanana na kokoto. Kijiko kimeanguka kikaokotwa, kikapanguswa kwenye kanga. Mtoto wa umri huo anaijua dunia kwa mdomo, kila akishikacho kinaishia huko. Watafiti waliokaa na familia katika vijiji vya Zimbabwe wakiwatazama watoto wachanga kwa saa kadhaa waliona baadhi yao wakila udongo, na wengine wakitia mdomoni kinyesi cha kuku. Mama zao walikuwepo, na hawakuwa wazembe. Walikuwa wanapika, wanafua, wanachota maji.

Kuku ninawataja kwa makusudi, maana kwenye mikutano yetu ya afya hawatajwi. Tunazungumzia kinyesi cha binadamu peke yake, na kuku anazunguka chini ya miguu yetu. Kuku hubeba bakteria aitwaye Campylobacter, ambaye naye huwaharisha watoto. Zaidi ya hapo, anachakura penye uchafu kisha anapita juu ya mkeka. Kumfungia kuku kutwa nzima kuna gharama yake, kwa sababu atahitaji kulishwa, na hilo nalikubali. Lakini kumzungushia mtoto uzio mdogo wa vijiti, mahali palipofagiliwa na kutandikwa kitu kinachofulika, kunawezekana karibu kila nyumba. Badala ya kumfunga kuku, tumtengee mtoto sehemu yake.

Kuna watakaosema vyoo vikitosha kila kitu kitanyooka. Katika jimbo la Odisha nchini India, watafiti walifuatilia vijiji 100, nusu yake vikihamasishwa kujenga vyoo. Kaya zenye choo katika vijiji hivyo zilipanda kutoka asilimia 9 hadi 63. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014, kuharisha kwa watoto hakukuwa kumepungua ukilinganisha na vijiji vingine. Vyoo vingi vilikuwepo bila kutumika ipasavyo, na kaya zaidi ya theluthi moja bado hazikuwa navyo kabisa. Sisemi tusijenge. Nasema kujenga ni mwanzo, na wengi wetu tumesimama hapo mwanzoni tukapiga picha.

Haki inanitaka nitaje pia matokeo yanayonisumbua mimi mwenyewe. Magharibi mwa Kenya, katika utafiti mwingine mkubwa uliotoa matokeo mwaka 2018, familia zilizopangwa kwenye kundi la usafi zilipewa poti za watoto na vijikoleo vya kuzolea kinyesi pamoja na kuboreshewa vyoo. Kuharisha hakukupungua. Utafiti huo huo ulifanyika Bangladesh kwa mpango unaofanana, na huko kulipungua: kwenye kundi lisilopewa kitu watoto 5.7 katika kila 100 walikuwa wameharisha karibuni, na kwenye kundi la usafi walikuwa 3.5. Tofauti moja iliyo wazi ni kwamba Bangladesh wahamasishaji walirudi kwenye kila nyumba mara nyingi zaidi kuliko Kenya.

Matokeo hayo nayasoma kwa macho ya mtu anayetembea nyumba kwa nyumba. Ukimpa mama poti leo usirudi, baada ya miezi miwili poti inafugia vifaranga. Halafu mtoto haishi kwao tu. Anacheza kwa jirani, jirani anakuja kwake, na udongo ni mmoja. Nyumba moja safi katikati ya kumi zisizojali haijikingi. Ndiyo maana siku hizi sipendi kuzungumza na mama mmoja mlangoni. Ninakusanya nyumba tano au sita ambazo watoto wake hucheza pamoja, tunalizungukia eneo lote pamoja, na baba zao ninawaomba wawepo. Mzigo huu wote tumemtwisha mama. Baba aliyechimba shimo la choo kwa jasho lake hajawahi kubeba poti kuipeleka kwenye shimo hilo, na watu wanaona ni sawa. Mimi sioni kuwa ni sawa.

Juu ya mikono, wengi mnajua, ila tunakosea wakati. Watu hunawa kabla ya kula. Wakati ninaoukazania mimi ni mara tu baada ya kumtawaza mtoto, na kabla ya kumlisha au kugusa chakula chake. Mwaka 2005 matokeo ya utafiti katika mitaa ya mabanda ya Karachi, Pakistani, yalionyesha kwamba kaya zilizopewa sabuni na kutembelewa kila wiki zilipunguza kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka 15 kwa asilimia 53. Hapakuwa na dawa wala mtambo wowote, ni sabuni na mtu anayerudi kuuliza. Sabuni ikiwa chumbani sandukuni haitamsaidia mama mwenye mtoto mkononi. Kibuyu chirizi kinachoning'inia karibu na choo, chenye kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni kilichofungwa kamba, kinamruhusu anawe bila kushika chochote.

Kuhusu maji nitasema moja tu. Klorini ni nzuri, lakini haiui Cryptosporidium kwa urahisi, na kuchemsha kunaiua. Maji yaliyochemshwa nayo yanachafuka tena mkono ukizama ndani ya ndoo pamoja na kikombe, kwa hiyo chombo chenye mdomo mwembamba au bomba kina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Na mtoto akishaharisha? Siwezi kumaliza bila kulisema hili, maana Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto wapatao 440,000 walio chini ya miaka 5 wanakufa kila mwaka kwa kuharisha, na wengi wanaondolewa na ukosefu wa maji mwilini. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya kutundikia wagonjwa kwenye mishipa (dripu) katikati ya mlipuko wa kipindupindu. Akachanganya chumvi na sukari kwenye maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe. Vifo vilikuwa karibu asilimia 30, vikashuka hadi chini ya 4. Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari, tunayochanganya leo kwenye lita moja ya maji safi ni matunda ya kazi hiyo. Pamoja nayo mtoto apewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6. Aendelee kunyonya na kula. Kumnyima maji ili "tumbo likauke" ni kumwua, nalisema hivyo bila kulainisha. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, akilegea au ukiona damu kwenye kinyesi chake, usisubiri asubuhi, mpeleke kituo cha afya.

Nirudi kwenye swali langu la kinyesi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kutumia choo, ila choo chetu kinamtisha. Ndani kuna giza na tundu ni pana kuliko miguu yake, naye anaogopa kutumbukia. Hofu yake ni ya haki, kuna watoto waliokufa hivyo. Mwanga kidogo na tundu dogo lililotengenezwa kwa ajili yake, lenye mfuniko wake, vinamwingiza humo mapema. Kwa mdogo zaidi, poti, kisha yote yamiminwe chooni pamoja na maji ya kuoshea poti na maji ya nepi. Haya ya mwisho ndiyo yanayosahaulika kila mara.

Kilichobaki kigumu kwangu ni usiku wa mvua. Mama yuko peke yake na mtoto amechafua mara ya tatu, choo kiko mbali na njia inateleza. Kumwambia atoke ni kumwonea. Kwa sasa tumekubaliana kila nyumba iwe na ndoo kuukuu yenye kifuniko kinachobana, ikae nje karibu na mlango mahali mtoto hafiki, ipokee kila kitu cha usiku. Kukikucha, mtu mzima wa kwanza kuamka, awe baba au mama, anaibeba kwenda kuimwaga chooni kabla watoto hawajatoka nje.