Maswali yenu: pipa la karatasi si la majani ya chai

Tangu Kenya ipitishe Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, taasisi za umma na za binafsi zinatakiwa kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Barua za wiki hii zimetoka maofisini.

Tuna mapipa ya rangi tatu, lakini jioni yote humwagwa katika mfuko mmoja. Kuna haja gani ya kujisumbua? (Karani, Nairobi)

Una haki ya kuudhika. Ila usimlaumu mhudumu wa usafi: kapewa mfuko mmoja, atie wapi? Mwulize meneja wako, karatasi zetu zinachukuliwa na nani? Asipokuwa na jibu, mapipa ni mapambo. Ofisi nyingi huanza kwa kununua mapipa. Mimi ningeanza kwa kumtafuta mnunuzi wa karatasi na chupa kwa kilo, nikubaliane naye siku ya kuja, ndipo ninunue mapipa.

Vikombe vya kahawa vya karatasi je? (Mhasibu, Nakuru)

Visiingie pipa la karatasi. Ndani vimepakwa plastiki ili visivuje, na viwanda vingi haviwezi kuibandua. Risiti za mashine nazo uziache nje. Njoo na kikombe chako cha nyumbani.

Nilifungia sambusa kwa karatasi safi ya printa. Inafaa kurejelezwa? (Msomaji, Thika)

Ilikuwa safi kabla ya sambusa. Karatasi hurejelezwa kwa kulowekwa majini hadi ipondeke kama uji, na mafuta hayaachani na uji huo. Hata chai iliyobaki kikombeni, ukiimwaga juu ya karatasi kavu, inaziharibu zote. Mkifanikiwa jambo moja tu mwaka huu, liwe hili: kilicholowa kikae mbali na kikavu.

Mimi ndiye nizoaye taka. Juzi nimekatwa na taa ndefu iliyovunjika ndani ya mfuko. (Mhudumu wa usafi, Mombasa)

Pole sana, dada. Onyesha kidonda hicho zahanati. Taa hizo ndefu, zikiwa za fluoresenti, zina zebaki, metali yenye sumu, hazifai kuchanganywa na taka yoyote, na aliyeitupa humo amekukosea. Ikivunjika chumbani, fungueni madirisha na mtoke kwanza. Msifagie, vipande viokotwe kwa kadi ngumu, mikono ikiwa na glavu, vitiwe katika chombo chenye kifuniko. Mwonyeshe msimamizi wako jibu hili, na umdai glavu nene leo hii.