Mnaoanza PhD ya siasa za ukabila na Uislamu pwani, dodoso liacheni kwanza

Utafiti wangu nlifanya Mombasa, nlitaka kujua kwanini IPK (Islamic Party of Kenya, chama cha Waislamu) ya 1992 haikuweza kuwaweka Waislamu wote wa pwani pamoja. Nkaenda na dodoso nimelichapa vizuri, swali la kwanza kabisa: wewe kabila gani? Mzee mmoja Mji wa Kale akalisoma, akaniangalia, akaniuliza "na hili nani anataka kulijua?" Nliona ananisumbua, imenichukua miezi kuelewa mzee alikuwa ananifundisha kazi.

Maana pwani swali hilo mkoloni alishaliuliza, na jibu lake lilikuwa na bei. Ukiandikwa Mwarabu una haki hizi, ukiandikwa mwenyeji huna, ndo maana Thenashara Taifa, yaani Waswahili wa Mombasa wa yale mataifa kumi na mawili, walihangaika miaka na miaka wasitiwe kwenye lile fungu la wenyeji. Sasa wewe unakuja na kalamu na karatasi unauliza vilevile, mtu atakujibu kulingana na anavyokuona wewe, na hatakuwa anakudanganya. Mi ile karatasi nliiacha, nkawa nauliza tu kwenu wapi, mnasali msikiti gani, maulidi mnasoma au hamsomi, hapo mtu anafunguka mwenyewe.

Na msiridhike na magazeti ya Nairobi. Ukisoma hayo peke yake utaona Sheikh Khalid Balala, kiongozi wa IPK, na vijana wake huku, serikali ya KANU iliyokataa kuisajili IPK kule, basi. Kaa barazani baada ya alasiri ndo utasikia habari za UMA (United Muslims of Africa), Waislamu vilevile, waliosema IPK ni ya Waarabu na wao wanawasemea Waislamu Waafrika. Sura ngumu kuliko zote kwenye tasnifu yangu ilitoka barazani.

Kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu jifunzeni mapema, barua za zamani ndo zimeandikwa hivyo, mwalimu wa madrasa anaweza kukusaidia kuliko kozi. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya serikali ya Kenya, nacho ombeni mapema.

Lakini hili nawaomba sana. Tangu Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Mombasa, auawe kwa risasi Agosti 2012 watu wanaogopa kusema mambo ya dini na siasa mbele ya mgeni, na wana haki. Rekoda usiitoe mpaka mwenyewe akuruhusu. Majina nliandika daftari lake, mahojiano daftari lingine, na hayakuwahi kulala nyumba moja. Supavaiza wangu aliyataka majina ahakikishe, nkamkatalia.