Prifomu "zinazooza" kwa maji ya chupa: jibu la aliyekuwa kiwandani

Mleta uzi, umesema unaanzisha kiwanda kidogo cha maji Mkuranga, na msambazaji anakusukuma uchukue prifomu (vile vichupa vidogo vinene vinavyopashwa joto na kupulizwa viwe chupa) "zinazooza zenyewe" kwa bei ya juu, pamoja na lebo ya kijani yenye jani. Nimekaa miaka kadhaa upande wa uzalishaji katika kiwanda cha maji huko Pwani, mashine ya kupuliza chupa na ya kujaza zote nimezishika, na wauzaji wa namna hiyo nimewapokea sana. Kwa kifupi, usinunue. Sababu ndizo hizi.

Prifomu hizo mara nyingi ni PET, plastiki ileile ya kila siku ya chupa za maji na soda, iliyotiwa kiongezi kidogo, halafu unaambiwa vijidudu vitaila chupa ikifika dampo. Muulize itachukua muda gani, kwenye joto gani, na nani alipima. Mmoja aliyekuja kwetu alikuwa na kipeperushi chenye picha ya mche unaochipua ndani ya chupa. Tukamwomba ripoti ya maabara. Akatutumia kipeperushi kilekile, safari hii kwa PDF.

Na si sisi tu tulioletewa maneno hayo. Oktoba 2011 mwanasheria mkuu wa California, wakati huo Kamala Harris, aliishtaki ENSO Plastics iliyotengeneza chupa za aina hiyo, pamoja na kampuni mbili zilizouzia maji ndani yake, Balance na Aquamantra, kwa kuziandika kuwa zinaoza. Sheria ya jimbo lile ilikuwa hairuhusu neno hilo kwenye chupa ya plastiki.

Lakini tuseme kiongezi kinafanya kazi kweli. Hapo ndipo mambo yanaharibika zaidi. Chupa ya maji Dar haisubiri kuoza, kuna mtu anaiokota. Anaijaza kwenye kiroba, anaipeleka kwenye yadi ya makopo, inapimwa kwa kilo, inachambuliwa, inafungwa marobota au inasagwa chenga. Anayenunua chenga hizo anataka atengeneze nyuzi au mikanda ya kufungia mizigo, vitu vinavyotakiwa kudumu. Ukimpelekea plastiki iliyokusudiwa kusambaratika unamharibia mali. Kwa hiyo ukiona lebo moja inajisifu kwamba chupa "inaoza" na pia "inarejelezwa", ujue aliyeiandika hajawahi kukanyaga yadi.

Zile za wanga wa mahindi, yaani PLA, zina kisa chake. Zinaoza, ndiyo, lakini zinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi kama 60. Hilo si dampo la Pugu. Na zikichanganyika na PET mwokotaji hawezi kuzitofautisha kwa macho, hata kwenye maji zote zinazama.

Sasa, kama unataka kweli chupa yenye madhara kidogo, nenda yadi yoyote usimame nusu saa. Utaona chupa nyeupe isiyo na rangi inapewa heshima. Ya bluu inawekwa pembeni, ya kijani nayo pembeni, kwa sababu chenga zenye rangi haziwezi kurudi kuwa kitu cheupe. Hata Sprite mwaka 2022 waliacha chupa ya kijani kule Amerika Kaskazini, wakatumia isiyo na rangi. Kinachochekesha ni kwamba wabunifu wa lebo wakisikia "mazingira" wanakimbilia kijani hadi kwenye chupa yenyewe!

Lebo nayo ina siri. Chenga zikioshwa, kizibo na pete yake huelea na PET huzama, hivyo kuzitenganisha ni rahisi. Lebo ya PVC, plastiki nyingine nzito, inayobana chupa nzima kwa joto huzama pamoja na PET na kuichafua. Chukua lebo nyembamba ya polipropilini, plastiki nyepesi kuliko maji, inaelea. Hakuna mteja atakayekusifu kwa hilo, lakini mchakataji atalifurahia.

Jingine ni uzito. Punguza gramu za prifomu, chukua yenye shingo fupi, utakuwa umepunguza plastiki kabla hata hujamuuzia mtu. Ila chupa nyepesi ya maji yasiyo na gesi hubonyea ukiipanga kwenye lori, katoni za chini zinalala. Wenye viwanda vikubwa hudondoshea tone la nitrojeni iliyo kimiminika kabla ya kufunga, ligeuke gesi na chupa ikaze. Kama huna mashine hiyo, usishuke gramu kwa pupa. Makampuni hupunguza gramu kwanza kwa ajili ya pesa, malighafi ikiwa ghali. Sioni ubaya, mradi gramu zimepungua kweli.

Kuna plastiki nyingine iliyoondoka bila tangazo lolote la jani: ile nailoni iliyokuwa ikifunika kizibo na shingo ya chupa, iliyopigwa marufuku Tanzania kwa kanuni za 2022. Wateja waliiona ndiyo ushahidi kwamba maji si feki, wakati pete iliyo chini ya kizibo, inayokatika ukifungua, ndiyo hasa yenye kazi hiyo.

Ukiona "100%" kwenye chupa ya kampuni kubwa, uliza 100% ya nini. Mwaka 2023 BEUC, muungano wa vyama vya watumiaji wa Ulaya, uliwalalamikia Coca-Cola, Danone na Nestlé kwa madai ya aina hiyo, moja ya hoja ikiwa kwamba vizibo na lebo haviingii kwenye hesabu. Na ile PlantBottle, chupa ya Coca-Cola ya 2009, ilikuwa hadi asilimia 30 ya mimea, nyingine mafuta kama kawaida. Hata hiyo ya mimea ukiimaliza kuitengeneza ni PET tu, haiozi.

Kwa mtaji wako mdogo, ningeanza na madumu ya lita 18.9 ya kurudisha kwa maofisi na mahoteli ya jirani, chupa ndogo zije baadaye. Utahitaji sehemu ya kuyaosha na amana ya dumu, la sivyo watu watayafanya ndoo za kuhifadhia maji nyumbani.

Msambazaji akikupa ripoti yenye jina la maabara, kiwango kilichotumika na idadi ya siku, iweke hapa tuisome pamoja. Ya kipeperushi usijisumbue.