Watakatifu wa Uingereza ya Zama za Kati: nawajibu mlioniuliza

Nilipoandika hapa juu ya Waingereza wa kale waliokuwa wakitembea kwa miguu siku kadhaa kwenda kumshukuru mtakatifu kaburini kwake, maswali yalimiminika. Nimechagua machache. Mengine yamenilaza macho.

Mwalimu, shikamoo. Nasali Kanisa la Anglikana la Mtakatifu Albano hapa Dar es Salaam tangu utotoni, na sijawahi kuelezwa huyo Albano ni nani. (Msomaji, Upanga)

Marahaba. Albano, au Alban kama Waingereza wanavyomwita, ndiye anayehesabiwa kuwa mfiadini wa kwanza wa nchi ile. Aliishi Verulamium, mji wa Kirumi ulio kaskazini ya London, zama ambazo dola ya Rumi ilikuwa ikiwawinda Wakristo. Yeye mwenyewe hakuwa Mkristo. Padre mmoja aliyekuwa akisakwa alifika kwake, naye akampokea. Kila akimtazama mgeni wake anakesha akisali, moyo ukawa unamgeuka. Askari walipobisha hodi, Alban alivaa joho la padre akatoka yeye. Akakatwa kichwa.

Bede, mtawa wa Jarrow aliyekamilisha historia yake ya Kanisa la Uingereza mwaka 731, anaongeza kwamba askari wa kwanza aliyepewa kazi ya kumwua alitupa upanga na kuchagua kufa pamoja naye, na yule aliyeushika baadaye macho yalimdondoka. Mimi nabaki na lile joho. Safari ya Alban ilianza kwa kumfungulia mgeni mlango, kabla hajajua hata anaamini nini. Ukiingia kanisani Jumapili, mkumbuke kwa hilo.

Nimesoma visa kadhaa vya watakatifu wa Kiingereza. Vyote ni vilevile: mtoto mwema, majaribu, miujiza, mwili usiooza. Si walikuwa wanakopiana tu? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa)

Walikopiana, mwanangu, na hawakuona haya. Mwanzoni mwa karne ya 8 mwandishi mmoja wa monasteri ya Whitby aliandika maisha ya Papa Gregori Mkuu, kisha akawaambia wasomaji wasihangaike wakigundua kwamba muujiza fulani kwa kweli ulikuwa wa mtakatifu mwingine. Watakatifu ni viungo vya mwili mmoja, akasema, na cha mmoja ni cha wote. Wewe na mimi tungemnyima alama kwenye mtihani. Yeye alikuwa akisema jambo alilolisadiki: kwamba hawa ni ndugu, na ndugu hawagawani sifa kwa mizani.

Tena visa hivi viliandikwa ili visomwe kwa sauti, kanisani au mezani watawa wakila, siku ya sikukuu ya mhusika. Msikilizaji aliijua njia mapema, kama sisi tunavyojua kwamba mtunzi wa utenzi ataanza na jina la Mungu. Hakuna anayemlaumu kwa kuanza hivyo. Watu wanatega sikio wasikie atafika wapi.

Ila usidhani hawakujali ukweli. Bede huyohuyo alipoandika maisha ya Cuthbert, mtawa na askofu wa Lindisfarne aliyefariki mwaka 687, aliwauliza waliomjua, akaandika, kisha akaipeleka rasimu Lindisfarne kwenyewe. Ikasomwa mbele ya wazee wa monasteri kwa siku mbili, sentensi kwa sentensi, wasahihishe kama kuna kosa. Katika kitabu hichohicho utakutana na usiku ule Cuthbert alipoingia baharini akasali maji yakiwa shingoni, mtawa mmoja akimchungulia kwa siri. Kulipopambazuka alipanda ufukoni akapiga magoti, na fisi maji wawili wakamfuata, wakaipulizia miguu yake pumzi ya moto na kuikausha kwa manyoya yao. Wazee wale walisikiliza na hilo pia, wakalipitisha.

Thomas Becket aligombana na mfalme juu ya mahakama. Hiyo ni siasa tupu. Utakatifu umetoka wapi? (Wakili, Nairobi)

Hata baadhi ya maaskofu wenzake waliliona hivyo, ndugu wakili. Becket alikuwa chansela wa Mfalme Henry II, mtu wa karamu na mavazi ya thamani. Mwaka 1162 mfalme alimfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, akitumaini kuwa rafiki atamlegezea kamba. Rafiki akakaza. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya makleri, yaani mapadre na watumishi wengine wa Kanisa, wanaotenda jinai: nani awahukumu. Becket akaishi uhamishoni Ufaransa miaka 6, akarudi mwanzoni mwa Desemba 1170, na tarehe 29 ya mwezi huohuo wapiganaji wanne wa mfalme wakamkuta ndani ya kanisa kuu, jioni, watawa wakiwa katika sala. Mgeni mmoja, Edward Grim, aliinua mkono amkinge. Upanga ukaukata vibaya. Pigo jingine likampasua Becket utosi, na ule upanga ukavunjika kwenye mawe ya sakafu.

Mpaka hapo nakubaliana nawe. Lakini tazama kilichofuata. Watu wa mji waliingia na vitambaa, wakavichovya kwenye damu. Watawa walipomvua nguo wakaona ndani amevaa vazi la singa la kujitesa, limejaa chawa, na wale waliokuwa na mashaka naye wakalia. Baada ya muda damu ile ikawa inachanganywa na maji mengi na kutolewa kwa wagonjwa. Waliitia kwenye vichupa vidogo vya bati na risasi vya kuning'iniza shingoni. Kimojawapo kina maneno ya Kilatini kuzunguka ukingo wake: Thomas ndiye tabibu bora wa wagonjwa walio wema.

Watawa wawili, Benedict na William, waliketi wakiandika kila aliyekuja kutoa ushuhuda. Walifikisha visa zaidi ya 700. Vingine vilichorwa kwenye vioo vya rangi vya Canterbury, na vipo hadi leo. Yuko Henry wa kijiji cha Fordwich, aliyechanganyikiwa akili: kwenye kipande cha kwanza analetwa kaburini amefungwa kamba, waliomshika wanampiga kwa fimbo, kwenye cha pili anasali mwenyewe, kamba na fimbo zimetupwa chini. Yuko pia mtoto Robert wa Rochester, aliyekuwa akiwarushia vyura mawe kando ya mto Medway akateleza na kuzama, mama yake akamwomba Thomas, mtoto akazinduka. Wangapi kati yetu hatujamlea mtoto wa namna hiyo?

Papa alimtangaza mtakatifu Februari 1173. Julai 1174 mfalme mwenyewe alitembea Canterbury miguu mitupu, akainama kaburini, watawa wakamchapa viboko. Siasa ilimwua Becket, sibishi. Waliomfanya mtakatifu ni mama wa Robert na watu wa Fordwich.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimesikia wanawake wa Uingereza ya kale walimwomba Mtakatifu Margaret wakati wa uchungu, na Margaret alikuwa bikira. Inakuwaje? (Mama mkunga, Kigoma)

Shikamoo mama. Swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote.

Margaret wa Antiokia, kwa mujibu wa kisa chake, alikuwa binti mchunga kondoo aliyemkataa liwali wa Kirumi. Akatupwa gerezani, na huko joka likammeza mzimamzima. Akafanya ishara ya msalaba tumboni mwake, tumbo likapasuka, akatoka salama. Mama, wewe umesimama kitandani mwa wazazi wangapi? Unaona mwenyewe kwa nini walimchagua: mtu ametoka tumboni mzima. Kabla ya kuuawa aliomba kwamba mwanamke atakayemwita katika uchungu ajifungue salama, na mtoto asizaliwe na kilema.

Hata wasomi wa wakati ule walikuwa na mashaka na joka. Jacobus de Voragine, Mdominiko wa Italia aliyekusanya visa vya watakatifu katika karne ya 13, alikiandika kisa cha kumezwa kisha akasema wazi kuwa hakina uzito. Wazazi hawakumngoja Jacobus. Kitabu cha Margaret kiliwekwa juu ya tumbo la mwenye uchungu, na mishipi mirefu ya ngozi iliyoandikwa sala ikafungwa kiunoni.

Mmoja wa mishipi hiyo umehifadhiwa London. Ni ukanda mwembamba wa upana wa kiganja, urefu unazidi mita 3, umechorwa misalaba, misumari na majeraha ya Yesu, na baadhi ya michoro imefifia kwa kushikwashikwa. Mwaka 2021 watafiti waliupangusa taratibu wakapima walichokipata: mabaki ya asali, maziwa, mayai, na majimaji ya mwili wa mwanamke anayejifungua. Kwa hiyo haukuwa wa kutazamwa ukutani. Uliloa. Asali na maziwa yenyewe huenda ni ya dawa walizokuwa wakimpa mzazi.

Sitakuficha mama kwamba si wote waliokoka. Desemba 1502 Malkia Elizabeth of York alimlipa mtawa aliyemletea mshipi wa Bikira Maria. Akajifungua Februari 2 mwaka uliofuata, na tarehe 11 akafariki. Kichanga naye hakuishi. Umewashika mkono wengi ambao dawa ilikuwa mbali na mlango umefungwa kwa mvua. Nadhani wewe ungekaa chumbani mle na wanawake wale bila kuhitaji tafsiri.

Ni kweli walipima mshumaa kwa urefu wa mgonjwa? (Msomaji, Mwanza)

Ni kweli. Walichukua uzi, wakampima mgonjwa utosi hadi unyayo, uzi ukafanywa utambi wa mshumaa wa kumpelekea mtakatifu. Njia nyingine ilikuwa kukunja sarafu ya fedha juu ya mgonjwa huku wakilitaja jina la mtakatifu: sarafu iliyokunjwa haikufaa tena sokoni, imekwisha kuwa ya nadhiri. Na waliochonga nta walipeleka umbo la kiungo kinachouma. Mwaka 1943, kanisa kuu la Exeter likiwa limepigwa bomu, juu ya kaburi la Askofu Edmund Lacy vilipatikana vipande vya nta vya namna hiyo: miguu, mikono, hata umbo zima la mwanamke.

Nani aliamua huyu ni mtakatifu na huyu siye? (Katekista, Songea)

Zamani waumini walianza, askofu akathibitisha kwa kuyahamishia masalia, yaani mifupa ya marehemu, mahali pa heshima. Kufikia mwaka 1234 sheria ya Kanisa ilikuwa imeiweka kazi hiyo mikononi mwa Papa peke yake. Watu hawakukoma. Simon de Montfort, aliyeongoza uasi dhidi ya Henry III, aliuawa Evesham mwaka 1265 na mwili wake ukakatwakatwa. Watu wakaanza kupona kaburini kwake. Mwaka uliofuata serikali ilitoa amri kwamba asiitwe mtakatifu na miujiza yake isitajwe. Amri kama hiyo haitolewi ila watu wameshaanza kusema.

Je, ibada hizi hazikuwahi kumdhuru mtu? (Msomaji, Mombasa)

Ziliwadhuru Wayahudi, na vibaya mno. Mwaka 1144 mtoto William alikutwa amekufa msituni karibu na Norwich. Miaka michache baadaye mtawa Thomas wa Monmouth aliandika maisha yake kama ya mfiadini, akiwasingizia Wayahudi wa mji kuwa walimsulubisha. Ulikuwa uongo. Ila uliandikwa kwa mtindo uleule uliopendwa, wenye ndoto, harufu nzuri na wagonjwa wanaopona, kwa hiyo masikio yalikuwa tayari kuupokea. Uongo huo ukasambaa. Mwaka 1255 mtoto Hugh alipokutwa amekufa Lincoln, Wayahudi 19 walinyongwa. Mwaka 1290 Edward I akawafukuza Wayahudi wote nchini. Watoto wale wawili walistahili kuombolezwa tu. Nampenda Cuthbert na fisi maji wake, na ndiyo maana siwezi kuliruka hili: kalamu iliyomwandika yeye na kalamu iliyowaua watu 19 zilichovya wino mmoja.

Ibada hizo ziliishia wapi? (Mama wa jumuiya, Moshi)

Henry VIII alizivunja kwa nguvu. Mwaka 1538 kaburi la Becket lilibomolewa, dhahabu ikachukuliwa, na Novemba ikatoka amri asiitwe tena mtakatifu na jina lake lifutwe vitabuni. Vipo vitabu vya sala vya wakati ule ambavyo jina limekatwa kwa mstari mwembamba kabisa, linasomeka bila taabu. Najiuliza aliyeushika wino huo alikuwa akimsikitikia nani.

Cuthbert alinusurika kwa njia yake. Watawa walikuwa wameondoka na jeneza lake Lindisfarne mwaka 875 kwa kuwakimbia Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wakazunguka nalo, na mwaka 995 likafika Durham. Wajumbe wa Henry walipofika huko, masimulizi ya Durham yanaeleza, sonara alivunja kasha kwa nyundo nzito akitarajia mifupa mikavu. Alipotazama ndani akapaza sauti kwamba amemvunja mtakatifu mguu, maana mwili ulikuwa mzima. Wakamshusha, wakamweka pembeni wakisubiri mfalme aseme la kufanya. Baadaye akazikwa chini ya sakafu, palepale palipokuwa na kaburi lake la fahari. Juu yake pana bamba la jiwe lisilo na pambo wala sifa, limeandikwa neno moja tu: Cuthbertus.