Lijue tenki lako kabla hujatoka nje ya mji

Ukimuuliza dereva mpya wa pikipiki tenki lake linamfikisha wapi, mara nyingi atakujibu kwa fedha: "Nikiweka ya elfu kumi, napiga kazi mpaka jioni." Jibu hilo linatosha ukiwa unazunguka Sinza na Mwenge, ambako sheli haziko mbali. Siku utakayopata abiria wa kijijini, au utakapoamua kuipeleka pikipiki nyumbani Iringa kwa kuiendesha, hesabu ya elfu kumi haitakusaidia kitu. Utahitaji kilomita. Nawaandikia ninyi mlioingia barabarani karibuni, kwa sababu inaniuma kuona kijana mchapakazi akisukuma pikipiki juani kwa jambo ambalo angelijua asubuhi kwa kalamu na karatasi.

Pikipiki nyingi za kazi hapa Tanzania, hizi za cc 100 mpaka 150, zina tenki la lita 10 hadi 12. Muuzaji atakuambia inakwenda kilomita 60 au 70 kwa lita. Usibishane naye, ila usisafiri kwa namba hiyo. Imepatikana kwa mtu mmoja, mwendo wa taratibu usiobadilika, barabara tambarare. Kwa kazi zetu, pikipiki nzima inayofanyiwa servisi hutoa kilomita 40 mpaka 55 kwa lita. Tofauti hiyo si ndogo: kwa lita 10 inaweza kufika kilomita 150, yaani kutoka Dar es Salaam mpaka uipite Chalinze.

Kwa hiyo pima ya kwako. Nenda sheli, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mwombe mhudumu ajaze polepole mpaka usawa unaoweza kuukumbuka, kwa mfano chini kidogo ya shingo ya tenki. Stendi ya pembeni inalaza pikipiki na kukudanganya. Andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Fanya kazi zako za kawaida siku mbili tatu bila kuongeza mafuta, kisha rudi pampu ileile na ujaze mpaka usawa uleule. Ikiwa umetembea kilomita 230 na tenki limemeza lita 5, unapata kilomita 46 kwa lita. Rudia mara kadhaa, maana kipimo kimoja hakitoshi. Anayeweka ya elfu tano tano kila siku hawezi kamwe kuijua namba hii, hata akiendesha miaka kumi.

Tuseme tenki lako ni la lita 11. Sasa usizidishe 46 kwa lita zote 11 ukasema una kilomita 506. Toa rizevu kwanza, yaani akiba ya chini ya tenki. Kwenye pikipiki za kabureta, koki, yaani swichi ya kufungulia mafuta chini ya tenki, ina midomo miwili ndani ya tenki: mmoja umeinuka juu ya sakafu ya tenki, mwingine uko chini kabisa. Koki ikiwa ON, mafuta huingia kwa mdomo wa juu, na yakishuka chini yake injini inaanza kukohoa. Ukigeuza kwenda RES, yaani rizevu, unafungua mdomo wa chini. Rizevu basi si mafuta ya ziada, ni sehemu ya lita zilezile 11, kwa kawaida lita moja na nusu mpaka mbili. Panga safari kwa lita 9: kilomita 414. Zilizobaki ni za kutafutia sheli.

Na ukishajaza, rudisha koki kwenye ON papo hapo, kabla hujapokea chenji. Nalisisitiza hili kuliko mengine yote. Ukiisahau kwenye RES pikipiki itakwenda vizuri tu, haitakuonyesha tatizo lolote, ila safari ijayo haitakohoa kukuonya. Itazima moja kwa moja, tenki kavu. Kama pikipiki yako ni ya mfumo wa sindano, yaani inanyunyiziwa mafuta kwa pampu ya umeme badala ya kabureta, haina koki ya aina hii. Ina taa ya kuonya. Iheshimu taa hiyo, kwa sababu pampu yake hupozwa na mafuta yanayopita, na kuizoesha kufanya kazi tenki likiwa tupu kunaiharibu.

Kilomita zako 46 ulizipata mjini, na safari ina mambo yake. Kubwa kuliko yote ni mwendo. Nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma haiongezeki sawasawa na mwendo: kutoka 60 kwenda 80 kwa saa, inakaribia kuwa maradufu. Ongeza upepo wa mbele, kama ule wa Singida au Makambako, na injini ndogo inahangaika hata kwenye tambarare. Nashauri wageni washike 60 kwenye safari ndefu. Utafika umechelewa kidogo, lakini una mafuta na injini haijachoka.

Mzigo nao unakula. Abiria na gunia, au mishikaki ambayo hata sheria hairuhusu, inakulazimisha ukae gia ya chini na kuvuta mafuta muda wote. Tuchukulie mzigo na milima vimekushusha mpaka kilomita 38 kwa lita. Lita 9 zinakupa 342. Kutoka Morogoro mpaka Iringa ni kama kilomita 310, na ndani yake kuna kilomita 50 za Hifadhi ya Mikumi, ambako si mahali pa kusimama na chupa ya mafuta huku tembo wako kandoni, halafu kuna Kitonga, mlima unaopandwa kwa gia ndogo nyuma ya malori. Kwenye karatasi unafika. Mimi nisingeondoka kwa hesabu iliyobana hivyo: jaza Morogoro, ongeza Mikumi mjini baada ya kutoka hifadhini, uianze Kitonga na mafuta ya kutosha. Njia kama Itigi kwenda Rungwa zinataka tahadhari zaidi, kwa kuwa sheli ni chache na sehemu kubwa ni pori.

Ukirudi kutoka Iringa, usizime injini kwenye mteremko wa Kitonga ili kubana matumizi. Najua wanaofanya hivyo. Unapoteza msaada wa gia katika kupunguza mwendo, breki zinabeba kazi yote na kupata moto, na kinachookolewa ni kidogo mno.

Ukiona namba yako imeshuka ghafla na kazi ni zilezile, usikimbilie kulaumu sheli. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, gia huru, uzungushe tairi la nyuma kwa mkono. Likigoma, breki inabana au mnyororo umekazwa kupita kiasi. Angalia upepo wa matairi. Fungua plagi: ikiwa nyeusi ya masizi makavu, injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa, labda choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, haijarudi au chujio la hewa limejaa vumbi. Safisha chujio au libadilishe. Fundi akikushauri ulitoe kabisa "ili ivute", tafuta fundi mwingine, maana vumbi la kiangazi litakula pistoni na ringi zako.

Kuna nyakati pikipiki inazima na mafuta yamo. Fungua mfuniko wa tenki usikilize. Ukisikia hewa ikiingia kwa kasi, tundu dogo la kupumulia kwenye mfuniko limeziba. Mafuta yanashindwa kushuka kwa sababu hewa haiingii kujaza nafasi yake. Lizibue kwa waya mwembamba. Na kama kweli yameisha hata rizevu, kumbuka tenki limekalia fremu kama tandiko la punda, lina mifuko miwili chini, kulia na kushoto, na koki iko upande mmoja tu. Laza pikipiki upande wa koki kwa muda mfupi, mafuta yaliyobaki mfuko wa pili yavuke, kisha iinue. Kidogo hicho kinaweza kukufikisha penye watu.

Huko penye watu utakuta mafuta ya chupa. Ukiwa huna njia nyingine nunua, lakini nunua lita moja tu, na unuse kwanza. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali ilipandisha kodi ya mafuta hayo mwaka 2011, na chupa ya kandokando ya barabara haina anayeikagua. Ukitaka kubeba akiba yako mwenyewe, tumia dumu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, usilijaze mpaka juu kwa kuwa petroli hutanuka juani, na ulifunge mbali na bomba la moshi.