Usizisugue sarafu za 1966

Ndugu yangu, umesema seti yako ya sarafu za Tanzania za 1966 imekosa senti 50 tu, na kwamba jirani amekushauri uzing'arishe zote kwa ndimu na majivu. Tafadhali usithubutu! Senti 20 yangu yenye picha ya mbuni niliilaza kwenye ndimu usiku mmoja. Asubuhi ile rangi ya dhahabu imegeuka wekundu mpauko, na nilipoisugua manyoya ya mbuni yakafutika. Hairudi tena. Vumbi lisafishe kwa maji matupu, kisha kausha sarafu kwa kuigandamiza na kitambaa laini.

Senti 50 unayoitafuta ina picha ya sungura. Kabla ya kwenda soko la Mlango Mmoja, Mwanza, anza kwa wazee wa Ukerewe na Sengerema, waombe wafungue makopo yao ya vifungo waitafute humo. Nenda na sumaku: ya 1966 ni shaba na nikeli, hainaswi. Ikinaswa, si yenyewe, iache.

Unyevu wa ziwa nao ni adui, kwa hiyo weka kila moja kwenye bahasha yake kavu ya karatasi, usitumie nailoni. Ukiona ukijani unaosambaa, usiukwangue, mwonyeshe mtaalamu wa makumbusho kwanza.