Muulize Bi Mkubwa: Mtoto kachora mama wawili

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa, mi niko Ngamiani, Tanga. Mdogo wangu wa kike anaishi Uholanzi, kaoana na mwanamke mwenzie, sasa mtoto wao wa miaka 8 yuko kwangu tangu Januari na anasoma hapa jirani, ticha kawaambia wachore familia yeye kachora mama wawili na baiskeli moja, darasa zima likacheka na siku hizi uji wa mapumziko hanywi anakaa peke yake. Nimwambie aseme baba alikufa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimfundishe uongo, atauchanganya na atachekwa zaidi. Kwao ndoa hizo ni halali tangu 2001, hajui kama kuna cha kuficha. Ila hapa Kanuni ya Adhabu ni kali na midomo ya watu unaijua, kwa hiyo ticha mwambie tu mtoto anataniwa hali chakula, mengine hayamhusu. Akiulizwa ajibu "nakaa kwa mama mkubwa", si kweli? Afu Jumamosi muite mtoto mmoja tu wa darasani mwake, wape viazi karai wacheze uani. Na ile picha ibandike ukutani chumbani kwake.